Laptop imejaa, lakini si picha zangu

Leo nimemwonea ngamia wivu, na sioni haya kusema.

Laptop yetu ilikuwa imekataa apdeti. Kila nikijaribu, inasema haina nafasi. Nikatafuta kilichoijaza.

Ni video za ngamia mmoja wa mume wangu, yule jike mweupe wa Garbatulla.
Akinywa maji.
Akilala.
Akiangalia tu kando, kama bibi harusi.

Mimi niko kwa picha za harusi peke yake.

Nikampigia. "Baba Halima, laptop imejaa. Nifute gani?"

Akafikiria kidogo. "Si za harusi tuliprinti? Futa hizo."

Sawa.

Apdeti sasa imeingia vizuri, na harusi yangu bado iko ndani ya laptop.

Baba Halima anarudi kesho. Nani hapa Isiolo ana kitanda cha mgeni, nilale kwake?