Lenzi ya Shangazi Muhsina

Ungekuwa na lenzi ya bandia ndani ya jicho, ungemficha daktari anayetaka kulipasua jicho hilohilo? Shangazi yangu Muhsina alimficha.

Shangazi alikuwa mshona kofia mtaani kwetu, Mawaleh. Alisifika kwa kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, licha ya umri wake wa miaka sitini na nane. Waliomuuliza siri yake aliwajibu kuwa ni asali. Kumbe mwaka 1996 alikwenda Bombay akawekewa lenzi, akarudi na majora mawili ya kitambaa ionekane alifuata biashara. Kwetu maradhi hayatangazwi, kwa kuogopa husuda.

Mwaka 2003 utando wa nyuma ya jicho la kulia, ule unaopokea picha, ukabanduka. Hospitalini, Daktari Nasriya alisema asipopasuliwa siku hiyo, jicho halitaona tena. Akataka kujua lenzi ile ni ya aina gani. Shangazi akajibu kwamba hajapata kuwa na lenzi maishani mwake. Kwenye kitanda cha pili alilala jirani yetu, Bi Wadha, kimya, masikio wima.

Daktari alieleza kwa subira kwamba lenzi anaiona, inang'aa. Akishaanza kazi atatazama ndani kupitia hiyohiyo, na atajaza hewa jichoni kuusukuma utando urudi mahali pake. Zipo lenzi za silikoni ambazo hewa ikiingia hutanda unyevu mithili ya kioo cha bafuni, mpasuaji asione vyombo vyake vinapita wapi. Akijua mapema, ataagiza dawa nzito ya kuipaka.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka ule na nilikuwa na hotuba kwa kila jambo. Nikasimama katikati ya wodi nikahutubia juu ya sayansi na wajibu wa kusema kweli. Mgonjwa mmoja alinipigia makofi. Shangazi akaniuliza kama huko chuoni tulifundishwa kelele tu.

Ndipo Bi Wadha akajiinua. "Muhsina, sema tu, mwenzangu. Mimi nnazo mbili, za Bombay. Ile safari ya Bahrain nilikudanganya."

"Na halua ya Bahrain uliyotuletea?"

"Niliinunua hapahapa mjini, Ruwi."

Nadhani halua ilimuuma Shangazi kuliko jicho. Kisha akaniagiza niende nyumbani nikapasue mto wake, bila kusema upi. Nilipasua mitatu. Kadi ya lenzi ya Bombay ilikuwa ndani ya wa tatu, katikati ya pamba, imeandikwa: silikoni. Dawa ikaagizwa, akapasuliwa jioni ileile.

Asubuhi yake nilikuwepo bendeji ilipotolewa. Shangazi alikuwa amelala kifudifudi kama alivyoamriwa, akiigombeza sakafu. Daktari alikwishamwonya kuwa, kwa hewa iliyomo, ataona ukungu tu kwa siku kadhaa. Akamwinua, akamfunika jicho la kushoto, akapitisha mkono polepole mbele ya lile la kulia. Shangazi akaudaka mkono ule hewani, akaukumbatia kifuani, akakataa kuuachia.