Athman na Meno Manane

Mume wangu Athman alikuwa fundi wa magari katika mji usio na gari. Msicheke, ngojeni nimalize. Amu ya mwaka hamsini na sita ilikuwa na punda wengi kuliko watu, na vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani ni vyembamba hata wanene wawili wakikutana, mmoja hurudi kinyumenyume mpaka kwao. Gari lingepita wapi? Lakini Athman, mzaliwa wa Chundwa, alikuwa amefanya kazi kwenye malori ya jeshi wakati wa vita, akayajua kwa mlio. Lori likikohoa Mombasa, yeye akiwa Amu husema, "Plagi ya tatu hiyo." Nami nilimwamini.

Kwa miaka tisa alikula kwa kutengeneza taa za pampu, stovu na cherehani. Watu wakamwita Fundi wa Hewa. Mwishowe akakata shauri kurudi Mombasa kwenye magari, na mimi nibaki kwa mama yake. Mama yake sitamsema, Mungu amrehemu. Nasema tu alikuwa akipima chumvi kwa kidole, na kidole chenyewe kidogo. Athman akapata nafasi kwenye chombo cha mwezi ujao.

Wiki hiyo hiyo kigari cha Bwana Mohdhar kikavunjika.

Bwana Mohdhar alikuwa mfanyabiashara, duka lake lingine liko Witu. Alikuwa amenunua kigari kidogo cha Kiingereza, rangi ya maziwa, akikiweka ng'ambo huko Mkowe, ambako ndia ya magari ya bara huanza. Ndia gani! Kabla ya kufika kijiji cha Hindi kulikuwa na mchanga uliowahi kummeza punda na shogi zake mbili za mizigo, akatokea Witu baada ya siku tatu, amenenepa. Bwana Mohdhar alikilazimisha kigari mchangani mpaka difu, lile bonge la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma, likakatika meno.

Athman akaitwa, akaandika barua Mombasa, yakaja mabonge mawili yaliyotumika, achague moja. Aliyafungua ukumbini kwangu, mafuta yakamwagika kwenye mkeka wangu mpya. Ndani ya kila moja mna gurudumu dogo la meno linalosukuma kubwa. Kwenye la kwanza, dogo lina meno tisa na kubwa arubaini na moja, kama lile lililovunjika. Kwenye la pili, lililotoka kwenye gari la mkate, manane kwa arubaini na matatu. Athman aliyahesabu mara mbili, akiyatia alama ya chokaa, kisha akatabasamu peke yake.

"Hili la mkate," alimwambia Bwana Mohdhar dakani, barazani pa mlango wetu, mimi nikisikiliza nyuma ya mlango. "Kwa lile la zamani, injini huzunguka mara nne na nusu, gurudumu mara moja. Kwa hili, injini huzunguka mara tano na zaidi. Gari litakwenda polepole, lakini litakuwa na nguvu."

"Polepole?" Bwana Mohdhar aliruka. "Jeilani wa Malindi na gari lake hunipita akinipungia leso! Mimi nimenunua gari, Athman, sikununua punda mwenye taa. Tia lile la mbio."

"Litavunjika tena, Bwana."

"Basi kumbe wewe ni fundi wa hewa kweli."

Athman aliingia ndani na uso umemshuka. "Nitatia tu hilo analotaka," alisema, "nisafiri zangu."

"Tia la mkate, umwambie ni la mbio," nikamwambia.

"Siwezi kusema uongo, Mwanamkisi."

Kweli hakuweza. Katika nyumba ile kazi hiyo ilikuwa yangu.

Lakini safari hii sikuhitaji uongo. Bi Hafswa, mke wa Bwana Mohdhar, alikuwa amenipa turubali nilishone, la kufunikia kigari hicho. Kesho yake Bwana Mohdhar alipokuja kulichukua, nikamsemesha nyuma ya pazia.

"Bwana Mohdhar, mkono unaniuma. Cherehani hiyo hapo upande wako, nizungushie kidogo tu nimalize pindo."

Alicheka, akashika mpini. Kwanza nikapenyeza mkono kando ya pazia, nikamwekea kitambaa cha leso. Sindano ikaruka tata-tata-tata, naye akajiona fundi cherehani wa Sultani. Kisha nikasukuma turubali, mikunjo minne. Mpini ukagoma. Akasukuma kwa mkono mmoja, kwa miwili, nami nikichungulia kofia ikimwendea kisogoni.

"Cherehani yako mbovu!"

"Nzima. Ukizungusha mara moja, sindano hushuka mara tatu. Ni ya mbio, Bwana. Ingeshuka mara mbili, ungeshona polepole na turubali lingepenya. Sasa niambie, mchanga wa Hindi ni leso au turubali?"

Nilisikia akiivuta kofia.

"Athman!" akaita. "Tia hilo la mkate. Ijumaa ijayo twenda Witu na kurudi. Tukisukumwa hata hatua moja, panda chombo chako, na fundi nitamtoa Mombasa. Tusiposukumwa, Mkowe kuna kiwanja changu. Utafanya karakana."

Usiku sikulala, lakini hayo si yenu.

Athman akavuka Mkowe kulitia, na Ijumaa tulivuka naye, tukapanda kigari wanne: Athman kwenye usukani, Bwana Mohdhar kando yake, Bi Hafswa na mimi nyuma, baina yetu magunia mawili ya mchele. Mchangani alikuwa akingoja Famau na punda wake sita na kamba, maana riziki yake ilikuwa kuvuta magari yaliyozama.

"Karibu, Fundi wa Hewa!" akapaza sauti. "Punda nimewalisha mapema kwa ajili yako!"

Athman akatia gia ya kwanza. Kigari kikanguruma, kikazama, kikainuka, kikaendelea. Polepole! Famau alitembea kando ya dirisha akamsalimia Bwana Mohdhar, akamuuliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya mama, ya shangazi wa Pate, na ugonjwa wote wa shangazi wa Pate ulikuwa umeshasimuliwa ndipo mchanga ulipokwisha. Lakini hakusukuma mtu! Nyuma yetu punda sita walisimama wametukodolea macho, na mmoja, wallahi, alitikisa kichwa kwa huzuni.

Kwenye ardhi ngumu Bwana Mohdhar akasema, "Haya, kimbiza." Athman akakimbiza hadi maili arubaini kwa saa, injini ikalia kama mtoto wa tohara.

"Mwisho hapo, Bwana."

"Hapo tu?"

"Hapo, na Witu tunafika."

Tukafika Witu, tukarudi, mchanga ule ule, Famau hakutujia tena na mazungumzo. Mkowe Bwana Mohdhar alishuka, akazunguka kigari mara moja, akapiga boneti kwa kiganja.

"Pima," akasema, akionyesha kiwanja. "Fundi wangu, pima unachotaka."

Fundi wangu. Mbele ya watu wa gatini wote! Athman akavua viatu, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti, kumi upana, kumi na tano urefu, kifua mbele. Aliposimama, nikashuka na buibui langu, nikaenda mbele yake hatua tatu zaidi, nikachimba alama kwa kisigino.

"Na hapa jiko langu," nikasema. "Kwa mama yako sibaki."