Kitenge cha Mwalimu Nawa

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mama yake alipofuka kwa vikope: nywele za kope zilijikunja kwa ndani, zikamkwaruza jicho mpaka basi. Mwalimu akaapa kwamba hakuna mtoto atakayeingia darasani kwake na matongotongo. Kila asubuhi alisimama mlangoni, pembe ya kitenge mkononi, akifuta macho ya huyu, kisha ya yule, na ya mjukuu wake mwenyewe. Kitenge kilikuwa kimoja. Na jamani, kilikuwa kisafi, alikifua kila jioni!

Muuguzi wa macho alipofika kijijini huko kusiko na barabara ya maana, alikuta nusu ya darasa wana vikope, mjukuu akiwemo. Akauliza wanafutwa na nini. Mwalimu akaonyesha kitenge kwa madaha. Muuguzi akamvuta pembeni, akamweleza taratibu kwamba ugonjwa unahama jicho hadi jicho kwa kitambaa hichohicho.

Mwalimu alilia, hilo tusifiche. Mkono wake mwenyewe ndio uliompelekea mjukuu kile kilichompofusha mama! Lakini hakuwa mtu wa kujikalia na huzuni. Watoto walipewa dawa. Yeye akatundika vibuyu chirizi uani, vidumu vinavyomwaga maji ukikanyaga kijiti, akawafundisha kunawa na kuacha upepo uwakaushe. Maji yalikuwa mbali. Wazazi wengine akawabembeleza, wengine akawapa vidonge vyao, mpaka kila mtoto akawa anakuja na kichupa chake. Ndipo watoto wakambatiza jina la Mwalimu Nawa. Aliyejifuta kwa shati la mwenzake alikiona cha moto.

Muuguzi akarudi kupima tena. Mjukuu aliitwa wa kwanza. Muuguzi akanyoosha vidole, mtoto akarudisha kichwa nyuma.

"Shangazi, hujanawa."

Muuguzi akacheka, akatoka, akakanyaga kijiti, akanawa. Alipotafuta cha kujifutia, darasa zima likamwelekeza apunge mikono hewani. Akapunga, mtu mzima na sare yake. Kisha akageuza kope moja ya mtoto, akageuza na ya pili.

"Mwalimu, njoo uone. Hakuna hata kipele."

 Mwalimu alikuja mbio amshike mjukuu uso, akafika katikati ya darasa, akasimama, akageuka akaenda kunawa.