Kufunga Machela Kabla ya Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumia karibu nusu saa kufunga machela moja, na nilipoikalia ikanishusha taratibu hadi chini, mbele ya wanaume sita walioegemea gari. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Mkuu wa Kikosi alitazama saa yake, akaandika kitu kwenye daftari, akaniambia, "Binti, mvua ya Ulanga haina subira." Kisha akaingia ofisini.

Ilikuwa nyuma ya ghala letu pale Temeke, kati ya miarobaini miwili. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka nyumbani Mbagala nimevaa sketi mpya, maana barua ya ajira ilisema "msaidizi wa upimaji" na mie nikadhani nitapima kwenye karatasi. Kumbe kikosi kilikuwa cha kupima misitu. Tulikuwa tukiingia porini wiki tatu kwa mpigo, tukiweka alama za duara, tukizungushia utepe wa kupimia kila mti uliomo ndani yake, usawa wa kifua, tukiandika unene wake na jina lake. Mahema yalikuwa mazito, na kwenye miteremko hakuna pa kuyasimamisha. Ndiyo maana tulilala kwenye machela. Wazee wanalijua neno hilo kwa kubebea wagonjwa. Yetu ilikuwa ya kulalia, kitambaa kipana kilichoning'inizwa kati ya miti miwili, na juu yake turubai dogo la kuzuia mvua.

Nilikuwa mwanamke wa kwanza kupangwa kwenye kikosi kile. Nilimsikia Mkuu kwa masikio yangu akimwambia Mtunza Ghala, "Akituchelewesha kambini, nampeleka kwenye mafaili."

Mtunza Ghala alikuwa Mama Siwema, mjane wa Kinondoni, ambaye hakuwahi kulala msituni hata siku moja. Lakini kila machela ya kikosi ilipita mikononi mwake, ikakaguliwa na kushonwa. Alinikuta nimeinama nakusanya kamba zangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelia?"

"Hapana."

"Vizuri. Lete hiyo machela nikuonyeshe ulipokosea. Hukukosea kwenye kufunga, mwanangu. Ulikosea kwenye kufungasha."

Akanifundisha kwamba machela haikunjwi kama shuka. Inashindiliwa mfukoni kwa mkono, kuanzia miguuni, ili ukifungua mdomo wa mfuko ukutane na kichwa chake. Turubai linaingia mwisho kabisa kwenye mzigo kwa sababu ndilo linalotangulia kutoka. Ukilitandaza hilo, hata mvua ikija, mengine unayafanya pakavu. Miti iwe umbali wa hatua tano au sita. Ukanda uwe mpana ili usijeruhi gome, na uuzungushe juu ya usawa wa kichwa. Machela yenyewe ilegee katikati kama kamba ya kuanikia iliyobeba khanga mbichi, upande wa miguu ukiwa juu kidogo, na wewe ulale mshazari, hapo mgongo unanyooka. Mwisho kuna mchirizi, kikamba kifupi kinachofungwa kwenye ukanda. Maji yanayoteremka kutoka kwenye mti yanakifuata kile kikamba na kudondoka chini kabla hayajakufikia kitandani.

Kwa siku kumi nilifunga na kufungua. Siku ya nane Mama Siwema alinifunga khanga usoni, nikafanya yote kwa kupapasa. Siku ya kumi Mkuu wa Kikosi alitoka tena na saa yake. Nilipomaliza, niliikalia machela, nikainua miguu, nikalala. Alitazama saa mara mbili kama aliyedhani imesimama. "Jumatatu tunaondoka," alisema. "Tafuta suruali."

Nilikwenda Ulanga, nikaenda Kilombero, nikaenda Rufiji. Katika mwaka wangu wa pili wenzangu waliniita Dada Dakika, maana ndani ya dakika mbili yangu ilikuwa juu na nilikuwa nimeshaanza ya mwingine. Mkuu mwenyewe alifika mahali akawa anatua mzigo wake karibu na mimi na kusema, bila kunitazama, "Mwajuma, nifungie na ya kwangu." Kwa mtu kama yule, hayo yalikuwa maneno mengi. Nilivimba kichwa. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu ndilo lililoleta yaliyofuata.

Yalitokea karibu na nyumbani, kwenye msitu wa Pugu, upande wa Chanika. Kikosini tulikuwa na utaratibu kwamba mtu mmoja hukagua miti kabla ya yeyote kufunga kamba. Anaizunguka, anaigonga kwa mgongo wa panga kusikiliza kama imeoza ndani, anatazama juu kama kuna tawi kavu. Zamu hiyo ilikuwa ya Salumu, kijana mpole wa Mbweni, mtu asiye na haraka. Alasiri ile wingu lilipanda ghafla na Salumu alikuwa bado mbali anazungusha utepe. Sikumsubiri. Nilifunga machela saba peke yangu, moja baada ya nyingine, wenzangu wakipiga makofi, na ya Mkuu niliifunga mwisho. Alipanda na daftari lake. Nilikuwa nimempa mgongo niliposikia mti ukilia.

Ulikuwa umekufa ukiwa umesimama. Ulikatikia usawa wa ukanda, kipande cha juu kikamwangukia begani. Tulipomtoa alikuwa mweupe usoni na mtulinga wake, mfupa wa mbele ya bega, umevunjika na kuinua ngozi. Mvua ikashuka.

"Salumu!" mmoja alifoka. "Ulikagua nini wewe?"

Salumu alikuwa ndiyo kwanza anafika, utepe mkononi. Aliutazama ule mti, akanitazama mimi, akautazama tena. "Labda... niliupita asubuhi," alisema. "Sikumbuki."

Nilinyamaza. Muda nilionyamaza ungetosha kufunga machela mbili. Nilifikiria jina langu, nikafikiria mafaili, nikamwona Salumu anaanza kuamini kwamba kosa ni lake.

"Si Salumu," nilisema. "Mie ndiye niliyefunga kabla hajafika. Sikuutazama mti."

Tulikata mti mwembamba ulionyooka, tukaufungia kamba za machela ileile, tukamlaza Mkuu ndani, tukaanza safari ya kuelekea barabarani. Wanaume walipokezana. Mimi nilishika mbele na sikukubali kupokewa. Njia ilikuwa tope tupu. Baada ya mwendo mrefu tulisikia sauti yake kutoka ndani ya kitambaa.

"Nani yuko mbele?"

"Mwajuma, bosi," alijibu aliyeshika nyuma.

"Mwambieni apunguze mwendo."

Nikapunguza. Kila hatua niliipima kabla ya kukanyaga, na hivyo ndivyo tulivyomfikisha Chanika, polepole, bila kumtikisa, akapata gari la kumpeleka hospitali.

Barua yangu ilikuja baada ya wiki mbili. Sikufukuzwa. Nilitolewa porini misimu miwili, nikapangwa ghalani chini ya Mama Siwema. Wako waliosema nimeponea. Mimi niliona ni msiba. Kila kikosi kilipoondoka nilisimama getini na orodha ya vifaa, nikahesabu kamba ambazo wengine wangezifunga. Salumu aliporudi safari ya kwanza alileta machela iliyochanika, akaiweka mezani. Nikamwomba radhi. Akasema, "Dada, kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshakubali kwamba kosa ni langu." Tukaishona pamoja.

Mama Siwema hakunibembeleza. Nilipomwambia kwamba sitaharakisha tena maishani mwangu, alikasirika. "Mwendo wako hauna kosa! Wenzako wanalowana kwa sababu hawana mwendo huo. Kosa lako ni kuruka hatua. Tafuta namna usiweze kuiruka."

Nilitafuta. Niligundua kwamba nikishatua mzigo, mikono yangu inaanza kufunga yenyewe kabla akili haijafika. Basi nikajiwekea sharti: mzigo haushuki mgongoni mpaka niwe nimeizunguka miti yote miwili, nimeigonga, nimetazama juu. Ukiwa na mzigo mgongoni huwezi kufunga kamba hata ukitaka. Kisha, kwa vitambaa vya miamvuli mibovu, mimi na Mama Siwema tukashona kitu tulichokiita soksi: mifuko miwili mirefu iliyo wazi ncha zote mbili, inayokaa kwenye kamba za machela, mmoja kichwani na mwingine miguuni. Ukiamka unaivuta ikutane katikati, machela yote imeingia ndani kama mguu, haijagusa tope. Ukifika kambi nyingine unafunga ncha mbili, unaivuta soksi pembeni, kitanda tayari. Muda nilioupoteza kwa kuzunguka miti niliupata kwenye soksi, na mwingine ukabaki.

Niliporudi porini nilimkuta Mkuu mpya, msomi kutoka Bukoba, mwepesi wa kuchoka na watu. Kambi ya kwanza Kilombero aliniona nazunguka miti na mzigo mgongoni. "Bi Mwajuma, unafanya tawafu kama mahujaji? Tua mzigo, tupumzike."

"Nikimaliza, Mkuu."

"Nimeambiwa wewe ndiye mwenye kasi."

"Ndiyo kasi yenyewe hii."

Hakupenda jibu, lakini aliniacha. Siku ya nne, jua limeshatoka na chai iko motoni, siafu walikuja. Anayewajua siafu hahitaji kuelezwa. Walitokea bondeni kama maji meusi, upana wa chumba, wakaingia kambini, wakaanza kupanda miti. Mkuu alikuwa anahangaika na fundo, akijipiga mapaja. Yangu niliivuta soksi ikafunga, nikaenda ya Salumu, kisha ya mpishi, kisha ya Mkuu mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeivalisha soksi jana yake bila kumwomba ruhusa. Tulitoka na machela zote na madaftari yote ya vipimo. Kilichobaki nyuma ni chai.

Tulipofika mtoni Mkuu alivua viatu, akatoa siafu wa mwisho kidoleni, akasema mbele ya wote, "Kuanzia leo kila mtu anafanya anavyofanya Bi Mwajuma. Na hilo la kuzunguka na mzigo pia."

Yule Mkuu wa kwanza nilimwona tena porini mara moja. Alikuwa amepandishwa cheo, amekuja Rufiji kukagua, na bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine. Vijana walikimbilia kumpokea mzigo. Akawapita, akaja mpaka niliposimama, akautua karibu na mimi. Niliizunguka miti miwili, nikaigonga, nikatazama juu muda mrefu kuliko kawaida, nikamfungia. Alipanda, akalala mshazari, akaweka kofia usoni, na baada ya muda mfupi alikuwa anakoroma.

Sasa nimestaafu, ninaishi hapahapa Chanika, na goti moja linanisumbua ngazini. Siku za karibuni vijana wa Bunju na Mbweni wanaokwenda kulala porini kwa starehe hunitafuta niwafundishe. Wana machela nyepesi kama karatasi, zenye ndoano za chuma, na wanarekodiana kwa simu kuona nani ana sekunde chache. Sina ugomvi na hilo. Kasi ni kitu kizuri, nami niliipenda na ninaipenda bado. Huwaambia tu kwamba saa ianze kuhesabiwa wakiwa na mzigo mgongoni.

Huwa wananiuliza rekodi yangu ilikuwa ngapi. Nawatajia, wanapiga kelele. Lakini ninayojivunia ni nyingine, na hiyo haipimwi kwa saa. Tangu nirudi kutoka ghalani hadi siku nilipokabidhi vifaa, nililaza mabosi, wapishi, madereva na wanafunzi, kwenye mvua na kwenye upepo, na kila niliyemfungia machela aliamka asubuhi mzima, akajinyoosha, akaulizia chai.