Bahasha Yenye Jina Langu

Tarehe ya kufa kwangu niliiona kwenye kompyuta ya nyumbani, saa nne asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Tarehe tano Februari, 2007. Siku hiyo ilikuwa Januari ishirini. Hesabu mwenyewe.

Wacha nieleze, maana najua kuna watu hapa watasema natunga.

Naitwa Musembi. Nakaa Machakos, na miaka hiyo nilikuwa karani kwenye machimbo ya mawe kule Mlolongo. Mke wangu Ndanu alikuwa sekretari mjini. Ofisi yao ilipouza kompyuta kuukuu, alinunua moja akaweka programu ya bajeti.

Mishahara yetu iliingia benki, akaunti moja ya sisi wawili. Kazi ya programu ilikuwa kuigawa. Kwenye skrini kulikuwa na picha za bahasha, kila moja na jina lake na pesa zake. Unga. Maji. Stima. Shule ya Mutheu, binti yetu wa pekee.

Sheria ya Ndanu ilikuwa moja: bahasha ikiisha, imeisha.

Mimi nilishajua dawa yake. Nikitaka elfu moja ya kunywa na vijana wa machimbo, naihamisha kutoka Shule kwenda Mengineyo, halafu naenda benki natoa. Kama zingekuwa noti kwenye bahasha ya karatasi ningeona haya. Hapa ilikuwa namba tu inapungua.

Jumamosi hiyo Ndanu alikuwa sokoni. Nikafungua programu nitafute ya kuhamisha, nikashuka hadi chini kabisa.

Kulikuwa na bahasha ambayo sikuwahi kuiona.

JENEZA LA MUSEMBI. Zilizopo: 18,600. Lengo: 21,000. Mwisho: tarehe 5 Februari.

Kwetu, kumwekea mtu mzima pesa ya jeneza ni kumwitia kifo. Na mimi ni mwoga wa mambo hayo kupita kiasi. Karakana ya majeneza naizungukia mtaa wa pili, na vijana wa machimbo walinicheka sana kwa hilo.

Sasa mke wangu alikuwa ananinunulia langu kidogo kidogo!

Ndanu akarudi na kikapu chake. "Baba Mutheu, mbona umekaa hivyo? Uko mgonjwa?"

"Niko sawa."

"Basi nipe kitambulisho chako, Jumatatu nikatoe kopi."

"Ya nini?"

"Wewe nipe tu, nitakuambia."

Nikampa. Ningekataa nikisema nini?

Kuanzia hapo chakula cha nyumbani nilikiogopa. Ndanu akipakua muthokoi, nasema nimeshiba, halafu naenda hotelini kula chapati nikiangalia mlango. Chai yake naimwaga nyuma ya nyumba. Nilikonda hadi suruali ikaanza kuteleza, na kila siku nilikuwa nahesabu zilizobaki.

Tarehe moja Februari nikashindwa. Nikajiambia, bila pesa hakuna jeneza, na bila jeneza labda hakuna kifo. Akili ya mtu aliyeogopa ni hiyo. Nikaenda benki, nikatoa zote 18,600, nikapanda gari la Kithyoko kwa mganga niliyeelekezwa na dereva wa lori.

Mganga hakuniuliza nasumbuliwa na nini. Aliniuliza niko na ngapi.

Alinichanja chale tatu kifuani, akanipaka majivu, akasema aliyenipangia mabaya nitamkuta analia.

Kesho yake, Ijumaa mchana, niliingia kwangu kifua mbele. Na kweli, Ndanu alikuwa analia.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Halafu nikamwona Mutheu kando yake, amepakata sweta mpya ya shule. Mezani kulikuwa na barua ya kumwita Form One, imebanwa pamoja na kopi ya kitambulisho changu. Karo ya kuanzia, shilingi 21,000. Siku ya kuripoti, tarehe 5 Februari.

Nilijua mtoto amepasi. Sikuwa hata nimeuliza anaenda lini.

"Nimetoka benki kuchukua cheki ya karo," Ndanu akasema. "Wameniambia umetoa jana."

"Lakini uliandika jeneza..."

"Ningeandika nini? Niliandika Shule, ukanywa. Nikaandika Karo, ukanywa. Nikasema niandike kitu kimoja utaogopa kugusa."

Nikakaa. "Mama Mutheu, nimekaa wiki mbili nikijua utaniua."

"Wiki mbili tu?" Alifuta macho kwa kanga. "Mimi naogopa kila mwisho wa mwezi, mwaka wa kumi na nne huu."

Mutheu alikunja sweta, akairudisha kwenye karatasi yake ya nailoni.

Jumatatu wenzake waliripoti. Yeye alienda wiki tatu baadaye, baada ya sisi kuuza kompyuta na mbuzi wanne. Alikuta kitanda chake kimepewa mwingine, akalala kwa kubanana na mwenzake muhula mzima. Hadi leo hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wewe mwanaume unayesoma hapa, ukikuta mkeo anakuficha kitu, usikimbilie kuuliza anataka kukufanyia nini. Jiulize wewe umemfanyia nini, hadi akaona heri akuzike kwenye kompyuta kuliko kukuambia pesa ya mtoto iko wapi.