Mshale Mdogo Kwenye Sauti ya Mama

Kwenye kikundi chetu cha wafuga nyuki pale Kibondo, mtaalamu wa kompyuta nilikuwa mimi. Utaalamu wenyewe niliupata kwa mafunzo ya siku nne, na siku ya tatu niliumwa tumbo. Lakini cheti si nilipewa? Nikakibandika ukutani, na tangu hapo aliyekwama kuchapa barua nilimsogeza kwa kiwiko kama daktari bingwa.

Sasa mama yangu alikuwa mgonjwa wa kutoinuka, na mdogo wake, mama yangu mdogo, yuko Kasulu, miguu imemgomea. Hawa ndugu wawili walikosana miaka mingi nyuma kwa ajili ya shamba la kwao Gwarama. Kupatana kwa simu walikwishajaribu: walifika kwenye salamu ya “mwakeye” tu, wakaanza kugombana upya. Ndipo mama akaniambia nimrekodi, amwachie mdogo wake maneno yake yote bila kukatizwa. Nikamrekodi kwa simu yangu. Haukupita mwezi, akafariki.

Mama mdogo hakuweza kuja kuzika. Alilia sana kwenye simu. “Usilie, mama mdogo,” nikamwambia baadaye, “maneno yako ninayo. Nakuletea.”

Yalikuwepo kweli. Simu yangu ilikuwa imejaa picha za mizinga, kwa hiyo sauti nilikuwa nimeihamishia kwenye kompyuta ya ofisi, nikaifuta kwenye simu. Nikaitengenezea na shotikati kwenye uso wa kompyuta, nisihangaike kuitafuta. Hilo lilifundishwa siku ya pili, tumbo likiwa zima.

Kompyuta ikawa nzito, akaitwa fundi. Akasema dawa yake ni kupiga window upya, na kila kilichomo kitafutika. “Vitu vyako umevitoa?”

Aniulize mimi! Nikachomeka flashi, nikakopi lile jina lililokuwa usoni pa kompyuta, nikapesti. Dakika arobaini za sauti zikaingia kabla sijapepesa jicho. Nikaisifu flashi kwa kasi yake. Pembeni mwa lile jina kulikuwa na kimshale kidogo, nikadhani ni urembo.

“Umeifungua ukaona inalia?” fundi akauliza tena.

“Wewe piga window.”

Akapiga.

Kasulu nilimkuta mama mdogo amevaa kitenge kipya, redio yake ya flashi iko mbele yake juu ya kigoda. Asubuhi nzima hakuiwasha, eti asimalize betri. Nikachomeka. Redio ikanyamaza, halafu ikarudi stesheni, mtu anatangaza bei ya mahindi. Nikachomoa, nikaipuliza flashi, nikachomeka tena. Mahindi! “Redio za siku hizi bwana,” nikasema, nikatoka kwenda steshenari ya mjini.

Mwenye steshenari, mzee mpole wa kanzu, aliitazama mara moja tu. “Mwalimu, hili si faili. Hii ni shotikati. Faili lenyewe limebaki kwenye kompyuta yako.”

Akanieleza taratibu, na upole wake ndio uliniumiza. Kimshale kile maana yake ni kwamba jina linaelekeza tu mahali faili lilipo. Ni kama kung’oa kibao cha barabarani kinachoelekeza Kabanga, ukakibeba begani mpaka nyumbani, ukasema umeileta Kabanga. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Nikampigia fundi. Akasema diski ameifuta yote, na juu yake ameshapakia programu zake. Akijaribu, hana ahadi. Alijaribu siku mbili. Hakuna kitu.

Lakini mama mdogo sikuweza kumngojesha siku mbili. Nilirudi jioni ile ile, nikamwambia imepotea, na mpotezaji ni mimi. Jamani, nilitamani anitukane. Akakunja pindo la kitenge, akalikunjua.

“Haya, baba,” akasema. “Basi niambie wewe kwa mdomo. Alisemaje?”

Maneno yenyewe sikuyajua. Siku ya kurekodi, nilipokwisha kuiwasha simu, mama alinitoa chumbani, akasema ni maneno ya dada na mdogo wake. Na baada ya kufa kwake nilikaa na sauti ile wiki nzima, mtaalamu mzima, nikaihamisha, nikaipa jina, nikaitengenezea shotikati. Kuisikiliza, hata mara moja sikuisikiliza. Niliogopa kulia ofisini.

Nikatafuta neno ambalo mama yeyote angelisema akiwa anakufa.

“Alisema amekusamehe.”

Mama mdogo akaliachia pindo la kitenge.

“Amenisamehe mimi?” akasema. “Aliyekosa ni yeye, baba. Miaka yote hii namngoja aseme.”