Wali Ulioiva kwa Kupiga Makofi

Mpwa wangu alimimina mchele kwenye sufuria, akafunika, akapiga makofi, kisha akafunua.

Akachungulia. Akafunika tena, akapiga makofi kwa nguvu zaidi.

"Mama mdogo," akasema, machozi yanamlengalenga, "sufuria yako mbovu."

Jiko halijawashwa. Maji hakuna hata tone.

Huyu binti tunamwita Kijiko kwa wembamba wake. Niliacha cherehani nikamsogelea. "Nani kakufundisha kupika hivi?"

"Mama. Kwenye video."

Nikavuta simu yangu.

Mama yake ni dada yangu mkubwa. Mtandaoni anajiita Malkia wa Jiko, anafundisha wazazi namna ya kuwafundisha watoto kupika. Aproni nyeupe pee, kucha za kubandika, sauti ya puani. Tangu tuko kwa mama, yule mtu akiona kitunguu anakumbuka ana kazi chumbani.

Nikafungua video zake. Mtoto anamimina mchele, anafunika, anapiga makofi. Anafunua, wali tayari, unafuka.

Nikaikodolea macho ile sufuria ya kwenye video. Ina mkono niliouunga kwa waya mimi mwenyewe.

Kumbe wali ule ni wangu. Kila mara dada alikuwa ananipigia simu: "Mdogo wangu, kichwa kinanigonga, nipikie chochote." Na mimi zuzu napika, napeleka na sufuria yake.

"Sasa ule wali mnakula?" nikamuuliza Kijiko.

"Mama akishamaliza picha. Siku ambayo haumwi kichwa tunakula mkate." Akainama. "Nataka kujua kupika kweli. Akichelewa kurudi nakuwa na njaa."

Hapo moyo uliniuma, halafu hasira zikanipanda mpaka kisogoni.

Likizo nzima alikuwa jikoni kwangu. Kuosha mchele alishika upesi, kupima maji kwa kidole pia. Kungoja ndiko kulikomshinda. Kila akifunika, mikono inajiinua yenyewe.

"Huku makofi hayaivishi kitu," nikamwambia. "Kaa hapo, sikiliza sufuria."

Likizo ikaisha, akarudi kwao. Haukupita muda dada akatangaza darasa mubashara, yeye na mwanawe. Asubuhi ya darasa simu ikaita.

"Mdogo wangu, kichwa."

"Pole, dada. Meza dawa."

Nilikwenda kwake mikono mitupu, nikakaa kwenye kochi kuangalia sinema ya bure.

Dada alijaza maji mpaka ukingoni, akawasha moto wa kuchomea matofali, akaanza kuhubiri malezi. Povu likamwagika jikoni. Alipofunua, ulikuwa uji uliokosa kwao.

Mimi nafsi yangu inakula sikukuu.

Kijiko akavuta kigoda. Akamwaga ule uji, akaosha mchele mwingine, akapima maji kwa kidole, akapunguza moto. Dada akanyoosha zile kucha kwenye mfuniko.

"Mama, usifunue. Ngoja."

Na Malkia akangoja, mdomo wazi.

Wali ulipoiva, Kijiko hakusubiri picha. Alijipakulia, akaipa kamera mgongo, akala.

Nikajua leo dada kaumbuka, anafunga duka.

Wapi. Alifuta chozi ambalo sikuliona, akaiambia simu: "Mmeona matunda ya malezi yangu?"

Watu wakamiminika kumfuata kama nzi kwenye embe. Kesho yake mteja alikuja kuchukua gauni, akanitazama kwa huruma. "Fundi, si ujifunze kwa dada yako? Na wako wajue kupika."

Nilikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Jioni hiyo Kijiko akapiga simu.

"Mama mdogo, mama hajarudi."

"Umekula?"

"Nimepika, nimekula. Nimemwachia na yeye, nimefunika."

Mimi nisingemwachia hata ukoko.

Wazazi wenzangu, sifa mwacheni anayezililia azibebe. Mtoto wako mfundishe kuwasha jiko, kupima maji na kungoja. Akijua hayo, hata mama yake awe kama dada yangu, hatalala njaa. Na huyo mama naye atakuta chakula.